Usiseme "njoo Ijumaa" kabla hujafungua daftari: mwongozo kwa fundi cherehani anayeanza kujitegemea

Maswali ya mafundi wanaofungua fremu zao wenyewe yanafanana. Kwa nini wateja wanahama na mishono yangu ni safi? Kianzio, yaani malipo ya awali, nichukue kiasi gani? Nifanye nini oda zikilundikana? Mbona pesa inaingia kila siku na bado sina hela ya bitana (kitambaa cha ndani ya nguo)?

Karibu yote yana chanzo kimoja. Mteja ameingia, ameweka kitambaa mezani, ameuliza "lini?", na fundi amejibu kwa mdomo, kwa kuangalia uso wa mteja badala ya kuangalia kazi iliyopo. Siku hiyo hiyo, kabla hata ya kitambaa kukatwa, ahadi imeshavunjika. Kinachofuata ni "njoo kesho", simu kuzimwa, na mteja kumsimulia jirani.

Mwongozo huu unahusu tabia chache za kila siku zinazomwezesha fundi kutaja tarehe na kuitimiza. Hazihitaji mtaji. Zinahitaji nusu saa kwa siku, na ukaidi wa kuzifuata hata siku ambayo fremu imejaa watu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja yenye jalada gumu. Daftari la shule la kurasa chache huchanika ndani ya mwezi.
- Kalamu ya wino kwa majina, vipimo na pesa. Penseli kwa ratiba, kwa sababu ratiba itafutwa na kuandikwa tena.
- Kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika kwenye kila siku.
- Pini na vipande vya karatasi ngumu vya ukubwa wa nusu ya kiganja. Boksi la viatu likikatwa linatosha miezi mingi.
- Bahasha mbili kubwa: moja uiandike VIFAA, nyingine KAZI.
- Simu yenye kamera.
- Tepu ya kupimia iliyo nzima. Tepu ya kitambaa au plastiki iliyochakaa huvutika, na inchi zake zinadanganya. Ilinganishe na rula ya chuma. Ikipishana hata kidogo, itupe.

Hatua ya 1: Jua kazi moja inakula muda gani

Kwa wiki moja, kila nguo unayoishika andika ulianza saa ngapi na ulimaliza saa ngapi. Tenganisha kukata, kushona, na kumalizia (vifungo, pindo, pasi). Usikadirie. Mafundi wengi hukumbuka muda wa kukaa kwenye cherehani tu, wakasahau dakika za kutandaza kitambaa, kutafuta uzi unaofanana rangi, na kufumua kilichokosewa.

Tuseme umegundua gauni la kitenge lenye bitana na zipu linakuchukua jumla ya saa 5, shati saa 3, na kupunguza suruali nusu saa. Andika orodha hiyo ndani ya jalada la kaunta buku. Usiichukue ya fundi jirani. Mwenye mashine ya umeme na msaidizi wa kutia vifungo hana muda sawa na wewe unayekanyaga peke yako.

Hatua ya 2: Hesabu uwezo wa wiki

Ukifungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, hizo ni saa 10, lakini hushoni saa 10. Ondoa chakula, sala, wateja wanaokuja kuuliza bei, na safari ya kununua zipu. Kwa fundi wa peke yake saa 6 za kushona kweli kwa siku ni hesabu ya haki. Siku 6 kwa wiki ni saa 36. Toa saa 6 za marekebisho na dharura. Unabaki na saa 30.

Kwa mfano wetu, saa 30 ni magauni 6 kwa wiki. Sita. Kama wiki iliyopita ulipokea oda za magauni 11, ulikuwa umeshachelewa kabla ya kuchukua mkasi, na hakuna kukesha kutakakoziba pengo hilo. Kukesha usiku mmoja humaliza gauni moja na kuharibu kazi ya kesho yake.

Hatua ya 3: Panga kurasa za daftari

Mbele ya kaunta buku ni oda. Kila oda ipate nusu ukurasa na namba yake, kuanzia 1 kwenda juu bila kurudia. Andika: tarehe ya kupokea, jina na simu, aina ya nguo na mshono, vipimo, kitambaa kilicholetwa, bei, kianzio, salio, tarehe ya kujaribu, tarehe ya kuchukua.

Nyuma ya kaunta buku ni ratiba. Kila wiki ukurasa mmoja, juu yake umeandika "30". Kila oda inayoingia unapunguza saa zake kwa penseli.

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fundi, mali hiyo ni pamoja na kitambaa cha mtu mwingine kilicho juu ya kabati lako.

Hatua ya 4: Pokea kitambaa mbele ya mwenyewe

Hapa usiharakishe, kwa sababu ugomvi mwingi wa fundi na mteja huzaliwa mezani kwa kupokelea.

Kitandaze kitambaa chote. Kipime mteja akiwa anaona, umtajie urefu kwa sauti, uandike. Yadi 1 ni inchi 36, kwa hiyo kitenge kilichouzwa kama yadi 6 kinapaswa kufika inchi 216. Kikipungua, mteja ajue palepale kwamba kimepungua dukani, si kwako. Angalia toboo, doa, na sehemu ambayo rangi haikushika. Kama maua yana upande wa juu na wa chini, mwambie mapema, kwa kuwa kupanga maua yaelekee upande mmoja hula kitambaa zaidi.

Kisha kata kipande kidogo cha pembeni, kama ukucha wa kidole gumba, ukibane kwa pini kwenye ukurasa wa oda hiyo. Tabia hii huchukua nusu dakika. Siku ambayo kabati lina vitenge vitatu vya rangi ya bluu, kipande hicho ndicho kitakachokuambia kipi ni cha nani. Andika namba ya oda kwenye karatasi ngumu, uibane kwenye kitambaa chenyewe. Ukishakata, funga vipande vyote (mgongo, kifua, mikono, kola) kwa mkanda mwembamba wa kitambaa hichohicho, namba ikining'inia juu.

Vipande vinavyobaki ni vya mteja. Vikunje, viweke kwenye mfuko pamoja na nguo, hata kama anasema hahitaji. Mteja aliyewahi kuona kitambaa chake kimeshonewa kofia ya mtoto wa fundi harudi, na hatakuambia kwa nini.

Hatua ya 5: Vipimo viandikwe kwa tarehe

Pima mtu akiwa na nguo nyepesi, amesimama wima, mikono imeshuka. Usipime juu ya sweta au khanga iliyofungwa kiunoni. Andika kipimo cha mwili, si cha nguo, na ziada uiweke wakati wa kukata. Kwa kitambaa kisichovutika, kifua cha inchi 38 hukatiwa nguo ya inchi 40 ili mtu aweze kupumua na kuinua mkono. Ukichanganya vipimo vya mwili na vya nguo kwenye daftari moja, miezi mitatu baadaye hutajua 40 hiyo ilikuwa ipi.

Mteja akisema "tumia vipimo vya zamani", tazama tarehe. Vikizidi miezi 6, mpime tena. Na pembeni mwa gauni acha walau inchi 1 ya akiba ndani ya mshono. Ndiyo itakayokuokoa nguo ikibana.

Hatua ya 6: Toa tarehe kutoka kwenye ratiba

Sasa ndipo mteja anauliza "lini?". Usijibu. Mwambie, "Subiri kidogo dada, niangalie daftari." Hakuna mteja atakayechukia, anaona anashughulikiwa na mtu anayejua kazi yake.

Fungua wiki hii. Kama zimebaki saa 2 na gauni lake ni saa 5, liende wiki ijayo. Andika saa 5 kwenye wiki hiyo, chagua siku utakayomaliza, halafu mpe mteja siku 2 mbele. Ukipanga kumaliza Jumatano, yeye mwandikie Ijumaa. Siku hizo mbili zina wenyewe tayari: umeme utakatika, mtoto ataumwa, sindano itavunjika. Kazi ikiisha mapema, mpigie aje. Kumwambia mtu nguo yake iko tayari kabla ya siku ni tangazo ambalo hulilipii.

Tarehe iwe na namba. "Kesho", "wiki ijayo" na "Ijumaa hii" ni maneno ambayo kila mtu huyaelewa kivyake. Andika "Ijumaa tarehe 14, saa 4 asubuhi". Neno asubuhi usiliache: mteja aliyezoea saa ya Kizungu kazini atasoma 4 akafikiri ni saa 10 jioni.

Kuna vipindi ambavyo ratiba hujaa wiki nyingi kabla: Idd, Krismasi, vipaimara, na sare za shule kabla ya shule kufunguliwa Januari. Kwa nguo za Idd, tarehe ya mwisho ya kuchukua iwe tarehe 25 ya Ramadhani, isivuke hapo. Mwezi unaweza kuandama siku ya 29, na fundi aliyepanga kumalizia usiku wa siku ya 29 atagonganishwa na watu wote kwa mara moja. Ratiba ikijaa, sema imejaa. Mteja uliyemkatalia kwa adabu atarudi mwezi ujao. Yule aliyekwenda kuswali Idd na gauni la mwaka jana, wakati kitenge chake kipo kabatini kwako, huyo umempoteza pamoja na dada zake.

Hatua ya 7: Kianzio si mapato

Chukua nusu ya bei, kabla ya kukata. Tuseme gauni ni shilingi 40,000; kianzio ni 20,000. Bitana, zipu na uzi jumla yake ni 9,000. Siku hiyohiyo 9,000 inaingia bahasha ya VIFAA, ikiwa na karatasi yenye namba ya oda, na vifaa vinunuliwe ndani ya siku moja. 11,000 inayobaki inaingia bahasha ya KAZI na haiguswi mpaka nguo hiyo iwe imeshakatwa na kuanza kushonwa. Ukilipwa kwa simu, toa hesabu hiyohiyo: andika kwenye daftari kiasi gani kilichomo ndani ya simu ni cha vifaa vya watu.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalofunga fremu nyingi. Fundi anatumia kianzio cha mama wa kwanza kulipa kodi. Siku ya kushona hana hela ya bitana, kwa hiyo anapokea oda ya mama wa pili ili apate kianzio cha kununua bitana ya wa kwanza. Wa pili naye anahitaji wa tatu. Kila oda mpya inaongeza foleni badala ya kuipunguza, na fundi anaonekana ana kazi nyingi huku anadaiwa na kila anayepita mlangoni. Kwa nje linaonekana tatizo la muda. Lilianzia kwenye bahasha.

Hatua ya 8: Asubuhi, dakika 15 kabla ya mteja wa kwanza

Futa vumbi kwenye mashine, hasa nyuzi zilizojikusanya chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, kisha shona juu ya kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kutokea. (Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda na kuifanya mashine nzito.) Pitisha ncha ya sindano kwenye ukucha, ikikwaruza, ibadilishe. Sindano butu ndiyo huruka mishono na kuvuta nyuzi za satini. Namba 90/14 inafaa vitenge na pamba ya kawaida, jinzi inataka 100/16.

Jaza bobini za rangi utakazotumia leo zote kwa mkupuo. Soma karatasi ya kazi tatu uliyoiacha jana jioni (tazama hatua ya 10). Kama pasi yako ni ya umeme na eneo lenu lina mgao, anza na kazi za pasi wakati umeme upo. Kitambaa cheusi kikatwe mchana, kamwe si kwa mwanga wa tochi.

Hatua ya 9: Ukiona utachelewa, sema jana yake

Hata ratiba nzuri huvurugika. Tofauti ni nani anajua kwanza. Mteja akijua kwa simu siku moja kabla, amepata usumbufu. Akijua amesimama mlangoni kwako baada ya kupanda daladala mbili, amedharauliwa.

Andika ujumbe wenye mambo manne: nguo imefikia wapi, ahadi ilikuwa lini, tarehe mpya, na nafasi ya yeye kukataa. Mfano:

"Shikamoo mama. Ni fundi wako wa nguo. Gauni lako namba 47 limekatwa na mwili umeshonwa, bado mikono na zipu. Nilikuahidi Ijumaa tarehe 14. Litakuwa tayari Jumamosi tarehe 15 saa 4 asubuhi. Naomba uniwie radhi. Kama unalihitaji Ijumaa, niambie leo nipange upya."

Usisingizie msiba. Usiseme umeme ulikatika kama haukukatika, maana saluni ya jirani ilikuwa inapiga muziki mchana kutwa na mteja wako alisukwa hapo. Na tarehe mpya iwe moja tu: ukisogeza mara ya pili, ya kwanza haikuwa hesabu.

Hatua ya 10: Jioni, dakika 10 kabla ya kufunga

Tia alama oda zilizokwisha. Rekebisha ratiba kwa penseli pale ilipobadilika. Hesabu pesa, linganisha na daftari. Andika kazi tatu za kesho kwenye kipande cha karatasi, ukiweke chini ya mguu wa cherehani pale utakapokiona ukikaa. Piga picha kurasa zote ulizoandika leo, ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp; daftari likilowa au likiibiwa, vipimo na madeni havijapotea. Funika mashine.

Mambo yanayokwama mara kwa mara

*Tayari nina oda 15 zilizochelewa. Nianzie wapi?* Funga mlango nusu siku. Toa vitambaa vyote kabatini, vipe namba, viandike. Panga kwa tarehe ya shughuli ya mteja (harusi, Idd, ubatizo), si kwa nani anapiga kelele zaidi. Gawa kwa saa 30 za wiki upate tarehe za kweli, kisha wapigie wote siku hiyo hiyo. Anayetaka kitambaa chake na kianzio chake, mrudishie. Kama hela huna, mwandikie deni na tarehe. Usipokee oda mpya mpaka zibaki 5.

*Mteja anataka kesho.* Angalia zile saa 6 za dharura. Zikiwepo, chukua na utoze zaidi, kwa kuwa unatumia akiba ya wiki. Zisipokuwepo, kataa. Usimsogeze mteja mwingine ili kumridhisha huyu.

*Kamati ya harusi imeleta magauni 12 ya sare.* Hizo ni saa 60, wiki mbili nzima. Dai msemaji mmoja, kianzio cha magauni yote kwa pamoja, na tarehe ya mwisho ya kupimwa. Atakayechelewa kupimwa ashonewe mwisho, na msemaji ajue hivyo tangu siku ya kwanza. Mshono wa mmoja ujaribiwe kabla hujakata mengine 11.

*Nguo imekamilika, mteja haji.* Mkumbushe baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Itundike kwenye mfuko, mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha rangi upande mmoja. Salio lisipolipwa nguo isitoke, hata kwa shangazi yako.

*Nimekata vibaya.* Acha mkasi. Mpigie kabla hajasikia kwa mtu. Mweleze njia mbili: mshono mwingine unaowezekana kwa kitambaa kilichobaki, au umnunulie kitambaa. Andika kwenye ukurasa wa oda kosa lilikuwa nini. Likijirudia mara tatu, tatizo ni vipimo au meza ya kukatia, si bahati.

*Msaidizi wangu haandiki.* Mpe kazi moja tu ya daftari: kubana kipande cha kitambaa na namba. Akiizoea kwa wiki mbili, ongeza ya pili.

*Naandika siku tatu, kisha naacha.* Mara nyingi ni kwa sababu daftari liko kwenye droo. Lifunge kwa kamba kwenye meza ya kupokelea, kalamu nayo ifungwe, ili mkono usiweze kupokea kitambaa bila kuligusa. Ukiruka siku, usijaribu kujaza ya nyuma kwa kukumbuka. Hesabu vitambaa vilivyopo kabatini na uanzie hapo.